Jamani, Mmeliona Tuta la Reli la Kasese?

Niseme mapema kabla pumzi hazijaniishia: njia nzuri kuliko zote za baiskeli magharibi mwa Uganda tayari ipo. Imechongwa, imesawazishwa, imejazwa kifusi kwenye mabonde na kukatwa kwenye vilima, imewekewa makalvati na madaraja, na hakuna lori linaloweza kukupulizia honi nyuma ya kisogo ukiwa juu yake. Inaanzia Kasese mjini, inaelekea mashariki, na ukiwa na miguu na ruhusa inaweza kukufikisha hadi Kampala. Kila mtu huku anaiita reli iliyokufa. Mimi nimetoka kuipita, sehemu kwa baiskeli na sehemu kwa miguu, na nimeikuta ina watu wengi kuliko barabara nyingi za murram zilizo kwenye orodha ya serikali!

Naandika nikiwa bado na vumbi lake kwenye viatu. Nimepanda baiskeli tangu utotoni, nimepanda milima ya Bwera nikiisukuma zaidi ya kuiendesha, na sijawahi kukutana na kitu kama hiki. Nataka kila mwenye baiskeli kati ya Mpondwe na Fort Portal aje aone.

Kwa asiyejua ilivyofika hapa: reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu 1901, na Kampala 1931. Ikakaa hapo zaidi ya miaka ishirini. Kilichoivuta kuja kwetu ni shaba ya Kilembe. Mgodi ule, chini ya kampuni ya Kanada, ulihitaji njia ya kupeleka shaba kwenye tanuri la Jinja na kutoka huko hadi bandari ya Mombasa. Ndipo reli ya magharibi ikajengwa, kilomita zipatazo 330 kutoka Kampala, ikakamilika mwaka 1956, na Kasese ikawa mji wa mwisho wa reli. Mgodi ulitoa zaidi ya tani milioni 16 za mawe yenye shaba kabla ya kusimama mwaka 1982. Treni ziliendelea kujikongoja, zikipungua mwaka hadi mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zikakoma kabisa. Tangu hapo nyasi na vichaka ndivyo vimekuwa abiria.

Sasa sikilizeni habari ya mteremko, maana hapo ndipo nilipopagawa.

Treni haipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko mkubwa, kwa hiyo wahandisi wa reli hukwepa kupanda zaidi ya mita moja au mbili kwa kila mita mia. Ili kutimiza hilo hufanya kazi ambayo hakuna mjenzi wa barabara ya kijiji anayeweza kuigharimia. Penye bonde hujaza udongo mpaka bonde likatoweka, na penye kilima hukata mfereji mpana katikati yake. Njia huizungusha taratibu, kona zake zikiwa ndefu kiasi kwamba huzihisi. Kazi hiyo yote ilifanywa kwa ajili ya injini za mvuke za Garratt zilizovuta mabehewa ya shaba. Lakini ukikaa juu ya baiskeli ya kawaida isiyo na gia, ile nyeusi yenye keria ya chuma nyuma, unagundua kwamba ilifanywa kwa ajili yako! Unakanyaga pedali na baiskeli inakwenda. Hupandi ukihema, hushuki ukishikilia breki kwa hofu. Mwendo ni uleule, uleule, uleule, kilomita baada ya kilomita, mpaka akili inaanza kutulia na macho yanapata nafasi ya kutazama.

Fikirieni maana ya hilo kwa mtu anayebeba mikungu mitatu ya matoke, au magunia mawili ya makaa, au mama mjamzito anayepelekwa kliniki. Mwanariadha mwenye baiskeli ya gia ishirini anaweza kuuona mteremko wa reli kama starehe tu. Kwa wabeba mizigo wetu ni nguvu za misuli zilizookolewa kila siku ya maisha yao. Ndiyo sababu wao waliigundua kabla yangu. Pembeni mwa reli, upande ambao kokoto zimekwisha, kuna ujia uliokanyagwa hadi ukang'aa. Hakuna aliyeuchora kwenye ramani. Wameuchora wanafunzi wanaokwenda shule kwa mstari mmoja, mabegi mgongoni, na akina mama wenye kuni kichwani. Wakulima wa pamba na mahindi wanaupita, na vijana wa baiskeli pia. Nilimpisha mama mmoja mwenye beseni la ndizi, akanipisha na mimi, tukacheka kwa kuwa wote tulishuka kwenye ujia kwa wakati mmoja. Nikamwambia wasingya, yaani asante, akaendelea na safari yake. Hiyo ndiyo njia ya jamii tayari inafanya kazi! Kinachokosekana ni kufyeka, kushindilia murram, na mtu mwenye mamlaka kusema kwamba inaruhusiwa.

Na mandhari, jamani. Kasese mjini ni joto. Mji uko chini kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, na saa sita mchana lami inakuchoma kupitia soli. Lakini ondoka alfajiri. Ukitoka stesheni kuelekea mashariki unakuwa umeipa Rwenzori mgongo, na mbele yako uwanda unafunguka kuelekea Ziwa George, lililo mita 914 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa bado ni baridi, umande uko kwenye nyasi, ndege wanapiga kelele. Nenda hivyo kwa muda. Halafu geuka. Geuza baiskeli yote, simama na mguu mmoja chini, na inua uso.

Mlima wote uko mbele yako. Jua lipo mgongoni mwako na linaupiga usoni. Migongo ya chini ni ya kijani kibichi, yenye mashamba ya kahawa na migomba hadi mahali ambapo huamini kwamba mtu anaweza kulima; juu yake msitu mweusi; juu ya msitu, mawingu. Na siku ya bahati, mapema kabla mawingu hayajafunga, ule weupe wa theluji. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na kiko karibu kabisa na ikweta. Barafu yake inapungua kila muongo, na mtoto aliyezaliwa Kasese mwaka huu huenda akawa mzee mahali ambapo weupe huo hauonekani tena. Kwa hiyo nenda sasa. Ukirudi mjini kwa tuta la reli unaitazama Rwenzori muda wote, kwa mwendo wa polepole, bila basi kukuzibia. Kwa wenye baiskeli wanaouliza ni upande upi wa kuanzia, jibu langu ni hilo: nenda mashariki gizani, rudi magharibi kwenye mwanga.

(Jambo moja kwa wapenzi wa injini. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilizipa Garratt zake kubwa za daraja la 59 majina ya milima, na moja iliitwa Ruwenzori Mountains. Daraja hilo lilifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, kwenye reli nzito. Ningetoa chochote kuona jina lile limechorwa upya kwenye kibao cha kwanza cha njia hii.)

Baada ya uwanda wa Kasese, reli inaingia nchi nyingine kabisa. Inakatiza kaskazini mwa Ziwa George, kwenye majimaji ya mafunjo ambayo tangu 1988 ni eneo la kwanza la Uganda kulindwa chini ya Mkataba wa Ramsar, kisha inapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kamwenge. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na hapa pia ndipo nakuwa mkali, maana sitaki mtu apate madhara kwa sababu ya shauku yangu. Hiyo ni nchi ya tembo, nyati na simba. Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth ilianzishwa mwaka 1952, na reli ilipita ndani ya eneo lake ikiwa na chuma kizito na honi. Baiskeli haina honi ya namna ile. Kipande hicho hakiwezi kufunguliwa hivi hivi. Kinahitaji askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA), saa maalumu za kuingia, makundi badala ya mtu mmoja mmoja, na ada itakayorudi kwa vijiji vya pembeni. Lakini hebu waza! Safari ya baiskeli yenye askari mbele na nyuma, juu ya tuta lililoinuka juu ya mafunjo, huku viboko wakisikika wakipumua upande wa ziwani. Wageni wanalipa kupanda magari na kutazama wanyama kupitia dirisha. Hapa wangepita kimya, kwa nguvu za miguu yao, juu ya mteremko usiomshinda hata mzee wa miaka sabini.

Ngoja nirudi kwenye kipande kinachowezekana kesho, maana ndicho kinachonifanya nisilale.

Kuanzia stesheni ya Kasese hadi mahali mashamba yanapokoma na hifadhi inapoanza, hakuna sababu ya kungoja. Nimeukagua uso wa njia kwa makini. Kokoto za reli ni adui wa tairi. Ni kubwa, zina ncha, na baiskeli inayumba juu yake kama punda aliyekanyaga miiba. Lakini hazipaswi kuondolewa. Kokoto ndizo zinazopitisha maji ya mvua na kulifanya tuta lisioze. Weka juu yake tabaka la murram, mwagia maji, shindilia kwa rola, na unapata njia ngumu inayokauka saa chache baada ya mvua kubwa. Wanaojenga barabara za vijiji hutumia fedha nyingi kutafuta msingi wa namna hii, na hapa upo, umelala tangu 1956.

Jambo la pili nililolikagua ni maji. Ukiona tuta limekatika, usilaumu mvua peke yake. Reli inapoachwa, mtu wa kwanza kuondoka ni yule aliyekuwa akizibua makalvati. Majani yanajaa, mchanga unajaa, maji yakifika yanakosa pa kupita, yanapanda juu ya tuta na kulila kutoka upande wa chini. Kalvati moja lililozibwa linaweza kubomoa kazi ya mamia ya watu. Hii ndiyo hoja ninayoiamini kuliko zote: njia ya baiskeli inarudisha mtu wa makalvati. Inarudisha macho. Kijana mwenye koleo na panga anayelipwa kila mwezi kutunza kilomita zake chache ataokoa tuta ambalo siku moja litahitajika tena na treni.

Maana nasikia swali mtakaloniuliza: na reli ikirudi je? Swali zuri, na jibu lake ni zuri zaidi. Marekani walilijibu mwaka 1983 kwa sheria. Reli isiyotumika inaweza kuwekwa akiba: njia yake yote inabaki kipande kimoja, watu wanaitembea na kuiendesha baiskeli, na kampuni ya reli ikihitaji kurudi, inarudi. Bila mpango huo, kila jirani angechukua kipande chake na njia ingekatika vipandevipande ambavyo hakuna fedha ya kuviunganisha tena. Walikuwa na mfano wa kuwatia moyo, njia ya Elroy hadi Sparta katika jimbo la Wisconsin, iliyofunguliwa miaka ya 1960 juu ya reli iliyoachwa, yenye mahandaki matatu ambayo wapanda baiskeli hupita na tochi mchana kweupe. Leo nchi hiyo ina makumi ya maelfu ya kilomita za njia kama hizo.

Na sisi Afrika Mashariki tunajua kinachotokea pasipo na akiba. Kusini mwa Tanganyika, reli ya Mtwara na Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mradi ukaanguka, reli ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Sasa Tanzania inapanga reli ya kutoka Mtwara kwenda Mbamba Bay, na inabidi kuanza upya. Kasese bado hatujafika huko. Ndiyo, kuna mahali mataruma ya chuma yametoweka, na kila mtu anajua bei ya chuma chakavu. Kuna nyumba na vibanda vilivyoingia kwenye eneo la reli, hasa karibu na mji. Lakini njia bado inaonekana. Bado ni kipande kimoja. Miaka ishirini ijayo sitathubutu kusema hivyo.

Kuhusu nyumba hizo nataka niseme wazi, kwa sababu nimepita mbele ya milango yao na nimesalimiwa. Njia ya miguu ina upole ambao treni haina. Treni inahitaji eneo lote liwe tupu, pande zote mbili, na kila anayejenga humo anakuwa adui wa reli. Njia ya baiskeli inahitaji upana wa mita tatu hivi. Mwenye kibanda cha chapati akisogea hatua chache, anakuwa na wateja mlangoni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Shirika la Reli la Uganda ndilo mwenye ardhi, na bila idhini yake hakuna murram itakayomwagwa. Kwa hiyo mazungumzo yaanze nalo, manispaa ya Kasese ikae upande mmoja wa meza na wakazi wa kando ya reli wakae upande mwingine, kabla tingatinga halijafika. Watu wakiwa sehemu ya njia wataitunza, na wakifukuzwa kwa ajili yake wataichukia, kwa haki kabisa.

Sasa, Bwera. Mtanisamehe nikichangamka zaidi, huku ndiko kwetu.

Reli haikufika Bwera. Iliishia Kasese, na sisi wa mpakani tukabaki na barabara: Kasese hadi Kikorongo kwenye ikweta, kisha Kinyamaseke, Kisinga, Bwera, na mwisho Mpondwe, ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo. Lakini kama kuna mahali Uganda panapojua thamani ya magurudumu mawili yasiyo na injini, ni hapa. Siku ya soko la Mpondwe, simama karibu na daraja utazame. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu wa lugha moja, na mizigo inavuka kutoka nyumba ya shangazi kwenda nyumba ya mjomba: maharage, samaki wakavu, kahawa, vitenge, mafuta ya mawese. Baiskeli zimebebeshwa mpaka haionekani nani anasukuma. Ukivuka na kusonga kuelekea Beni na Butembo utakutana na chukudu, ile skuta ya mti yenye magurudumu mawili ya mbao iliyotengenezwa kwa shoka na ubunifu, inayoshuka milima ya Kivu na magunia ya viazi. Goma waliithamini kiasi cha kuisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu mwaka 2009. Mahali penye heshima hiyo kwa magurudumu ya mti ndipo panapostahili njia bora kuliko zote!

Na barabara yetu ya lami, ingawa ni nzuri kwa magari, inamwogopesha mwenye baiskeli. Malori ya mpakani ni marefu, yanakwenda kasi, na bega la barabara ni jembamba. Uganda ina sera ya usafiri usiotumia injini tangu 2012. Inasema mambo mazuri kuhusu watembea kwa miguu na wapanda baiskeli. Ukanda wa Kasese na Bwera ni mahali pa kuyaona mambo hayo yakiwa udongo na jasho. Napendekeza hivi: tuta la reli liwe shina, Kasese mjini iwe kituo, na kutoka hapo ujia wa baiskeli ufuate barabara hadi Kikorongo na kuendelea hadi Bwera, ukitenganishwa na lami kwa mtaro na safu ya miti. Kilomita zipatazo sitini. Mipango ya reli mpya ya kiwango cha kimataifa (SGR) inataja njia ya magharibi itakayofika Mpondwe. Ikija, na ije! Lakini mwanafunzi wa Kisinga anayetembea ukingoni mwa lami asubuhi hii hawezi kuingoja. Ujia wake unaweza kuchimbwa kwa majembe ya watu wa kijiji chake, wakilipwa, msimu mmoja wa kiangazi baada ya mwingine.

Kuna tawi jingine ambalo sikulitarajia, nalo ni kwenda juu Kilembe. Kutoka Kasese unafuata bonde la Nyamwamba hadi kwenye mji wa zamani wa mgodi, Bulembia, wenye nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa safu na mashine zilizosimama. Hapa mteremko si wa reli. Utakanyaga, na utakanyaga kweli. Mto wenyewe unatisha. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yalikokota mawe makubwa kama nyumba na kufagia makazi, na alama zake bado ziko ukingoni. Lakini Kilembe ndiko wapanda mlima wanakoanzia safari ya kusini ya Rwenzori. Tangu 2022 Kasese ina mbio zake za marathoni, Rwenzori Marathon, zinazoleta wakimbiaji kutoka kila upande. Mji huu umezoea sasa kuona watu waliokuja kwa ajili ya miguu yao. Mwache mkimbiaji aliyemaliza Jumamosi apate njia ya kunyoosha misuli Jumapili: bapa, laini, yenye mlima mbele yake. Akae siku mbili zaidi. Ale samaki wa Ziwa George, anunue kahawa ya Rwenzori kwa waliopanda miche yake.

Si ndoto za mchana hizi. Huko Otago, kusini mwa New Zealand, reli ilifungwa mwaka 1990 na vijiji vyake vikaanza kufifia. Mwaka 2000 njia ikafunguliwa kama ya baiskeli, kilomita 152 kutoka Middlemarch hadi Clyde, na vijiji vile vikapata nyumba za wageni, mikahawa na mafundi wa baiskeli. Uhispania ilianza mpango wake mwaka 1993, na sasa ina zaidi ya kilomita 3,000. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Uingereza, kati ya Bristol na Bath. Kuanzia 1979, wapanda baiskeli wa kikundi kimoja walichukua sepetu wakaanza kusawazisha reli iliyoachwa, kipande kwa kipande, wakijitolea, hadi mwaka 1986 walipokuwa na kilomita 21. Walianza na kipande kifupi ambacho mtu angeweza kukimaliza kabla ya chai. Watu wakakitumia, na wengine wakadai kiendelezwe. Nimeipenda habari hiyo kwa sababu Kasese tuna sepetu, tuna vikundi, tuna bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya kijiji ya kufyeka barabara, na tuna tuta.

Kwa hiyo, kwa atakayekuja kujionea wikendi hii, maelezo yangu ya kwanza kabisa, mabichi kama yalivyo. Njoo na tairi pana. Zile nyembamba zitalia kwenye kokoto. Beba maji ya kutosha, zaidi ya unavyodhani, kwa kuwa kivuli ni haba ukishatoka mjini na jua la bonde halina huruma. Beba pampu, viraka na spana, maana miiba ya migunga haichagui. Uliza kwanza kwa wakazi wa kando ya njia. Watakuambia wapi tuta limekatika na wapi maji yamejaa, na watakuambia kwa usahihi kuliko ramani yoyote ya simu. Mahali penye daraja shuka, kagua, vuka kwa miguu, na pale unapoona nafasi tupu kati ya mataruma usivuke kabisa. Usiingie upande wa hifadhi bila askari, hata kama umeona nyayo za watu. Wape njia wenye mizigo kichwani. Hiyo ni njia yao kwanza.

Na kama wewe ni diwani, mhandisi wa manispaa, mwenye duka la vipuri vya baiskeli au mkuu wa shule yenye wanafunzi wanaotembea, tafadhali anza na kilomita tano za kwanza kutoka stesheni. Zinahitaji malori kadhaa ya murram, rola moja ya kukodi, vijana wenye mapanga, na vibao viwili: kimoja cha kuzuia pikipiki zisiingie kwa kasi, kingine cha kuonyesha umbali. Miti ya kivuli ipandwe mwanzoni mwa mvua za Machi ili ishike kabla ya kiangazi cha Juni. Mimi nitakuja na jembe langu kutoka Bwera, kwa baiskeli, na nitakuwa stesheni kabla ya saa moja asubuhi.